Nani Atashika Funguo za Duka?

Mhadhara kwa wafanyabiashara na wanafunzi wa Bukavu



Mwaka 1916 yalitokea mambo mawili katika nchi mbili zisizojuana. Katika mji wa Watertown, jimbo la Massachusetts, Marekani, Mwarmenia mhamiaji aliyeitwa Sarkis Mugar alilipa dola 800 akanunua duka dogo la vyakula, jina lake Star Market. Mwaka huohuo, huku Afrika Mashariki, alifariki Allidina Visram, Mhindi wa Kutch aliyekuwa na maduka kuanzia pwani ya Bagamoyo na Mombasa hadi ndani kabisa ya Uganda, na biashara yake ilikuwa imeshavuka mpaka kuingia Kongo. Ukiwaweka wawili hao kwenye mizani ya mwaka ule, Mugar haonekani hata kidogo. Lakini baada ya miaka michache himaya ya Visram ilikuwa imesambaratika, na kile kiduka cha Watertown kilikuwa kimeanza safari ya kuwa mlolongo wa maduka makubwa.

Kwa nini ikawa hivyo? Nimekuja na swali hilo kwa sababu linatuhusu sisi. Bukavu ni mji wa maduka ya familia. Tembea kutoka Place de l'Indépendance, ufuate barabara ya Patrice Lumumba hadi Nyawera, uhesabu alimantasio, yaani maduka ya vyakula, zilizoandikwa jina la mtoto wa kwanza wa mwenye duka. Nyingi zilifunguliwa na mtu mmoja mwenye bidii, na mwenye bidii huyo sasa amezeeka. Ninaamini kwamba duka la familia linapimwa siku linapobadilisha mikono. Siku ya kulifungua ina shangwe tu. Bidhaa zinaweza kukabidhiwa mchana mmoja, funguo dakika moja. Lakini imani ya anayekuletea mzigo kwa mkopo, na kumjua mteja yupi analipa mwisho wa mwezi na yupi hukimbilia njia ya pili, hivyo havikabidhiwi na mtu ambaye hakukaa na mrithi wake nyuma ya kaunta.

Tuanze na Mwarmenia. Familia ya Mugar ilitoka Kharpert, katika dola ya Waturuki wa Osmani. Mtoto wao Stephen alifika Marekani mwaka 1906 akiwa bado mdogo. Miaka tisa baadaye, 1915, Waarmenia waliobaki katika nchi ile waliuawa kwa mamia ya maelfu, na waliosalimika wakatawanyika duniani kote. Hata Afrika walifika: mwaka 1924 Ras Tafari, ambaye baadaye alikuwa Haile Selassie, alichukua yatima 40 wa Kiarmenia kutoka Yerusalemu akawapeleka Addis Ababa kuwa bendi ya serikali, na katika mji ule Waarmenia wengine wakawa mafundi na wenye maduka. Mtu wa namna hiyo, ambaye kwao hapana tena pa kurudi, hafungui duka ili apate faida ya haraka aende zake. Anajenga mahali pa kukaa watoto wake.

Mwaka 1922 Sarkis Mugar aliuawa katika ajali ya gari. Stephen alikuwa na miaka 21. Alichukua duka palepale, na baadaye jamaa zake wakaingia naye katika kazi. Duka likawa mawili, yakawa kumi, yakazidi, mpaka familia ilipoyauza mwaka 1964 kwa kampuni ya Jewel ya Chicago. Maktaba kuu ya Chuo Kikuu cha Boston ina jina la Mugar, kwa kumbukumbu ya wazazi wake. Wengi hutazama ile maktaba na ule utajiri. Mimi natazama ile wiki ya mazishi ya mwaka 1922. Kama kijana yule asingejua bei ya unga, asingejua nani anadaiwa na nani anadai, duka lingefungwa kabla ya siku 40 za matanga kwisha, na leo hakuna ambaye angelijua.

Sasa turudi kwa Visram, maana yeye ni wa kwetu. Alizaliwa Kera, Kutch, mwaka 1851. Alifika pwani yetu akiwa mtoto wa miaka 12 hivi, akaajiriwa na mfanyabiashara mkubwa wa Bagamoyo, Sewa Haji Paroo. Hapo ndipo aliposoma: kufungasha vitambaa, shanga na waya wa shaba kwa ajili ya misafara, na kununua pembe za ndovu na karafuu. Baadaye akafungua matawi yake kwenye njia ya misafara hadi Ujiji, ng'ambo ya ziwa Tanganyika ukitazamana na Kongo. Reli ya Uganda ilipojengwa kati ya 1896 na 1901, alifuatana nayo kituo kwa kituo, akiuza unga, mchele na sukari kwa wafanyakazi wa Kihindi waliolaza vyuma. Matawi yake yakafika Kisumu, Jinja, Kampala, Entebbe. Ukikuta leo duka la mchele na chumvi katika mji mdogo wa Uganda au Kenya, jua kwamba desturi ile ya duka moja lenye kila kitu ilienezwa kwa sehemu kubwa na mawakala wake. Aliwachukua vijana kutoka kwao, akawapa mali kwa mkopo, akawapeleka porini, na wengi baadaye wakawa wenye maduka yao wenyewe. Huo ni wema mkubwa kwa mfanyabiashara, nami namheshimu kwa hilo.

Lakini himaya yenyewe ilishikwa na kichwa chake yeye. Yeye ndiye aliyejua wakala gani yuko wapi na mali ya nani, na neno lake ndilo lililowafunga. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimeshakata njia zake katika nchi iliyoshikwa na Wajerumani. Alipofariki, madeni ya mawakala yaliyotapakaa kuanzia pwani mpaka maziwa makuu yakawa magumu kukusanya. Mwanawe Abdulrasul, aliyejenga shule ya sekondari ya Allidina Visram pale Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake, alifariki mwaka 1923, na biashara haikusimama tena. Waswahili walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisemi kwamba Visram hakuwa na madaftari. Ninachosema ni kwamba daftari kubwa kuliko yote lilikuwa kichwani mwake, nalo likazikwa pamoja naye.

Ndugu zangu, hayo yote ni utangulizi wa jambo ninalotaka tulitafakari kwa muda mrefu kidogo: yaliyofanyika hapa kwetu, nchi ikiitwa Zaire, siku ya 30 Novemba 1973.

Wakati mji huu ukiitwa Costermansville, na hata baada ya kurudishiwa jina la Bukavu, biashara ya vyakula katikati ya mji ilikuwa mikononi mwa wageni: Wabelgiji, Wagiriki, Wahindi. Katika Kongo nzima ilikuwa hivyo kwa namna mbalimbali. Huko Katanga, Elisabethville, kulikuwa na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rodi, watu waliozungumza Kihispania cha zamani na waliojenga maduka ya ndugu na ndugu. Jamaa zao waliobaki kisiwani walipelekwa Auschwitz mwezi Julai 1944, na waliokuwa Kongo wakasalimika. Nawataja ili tusidhani kwamba kila mgeni wa kaunta alikuwa bwana mkubwa aliyekuja kwa meli ya starehe. Wengi walikuwa wahamiaji waliotafuta maisha, kama Mugar.

Hata hivyo tuseme ukweli wote. Upande wa pili wa kaunta alisimama Mkongo. Kwa sehemu kubwa ya ukoloni hakuweza kukopa benki, kwa sababu hakuwa na hati ya ardhi ya kuweka rehani. Alibeba magunia, alifagia, alipanga makopo ya maziwa kwenye rafu kwa miaka 20, lakini hesabu za duka hazikumhusu. Ziliandikwa kwa Kigujarati au kwa Kigiriki. Nafasi ya karani ilipopatikana, mpwa wa mwenye duka aliitwa kutoka ng'ambo. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu ya duka la familia ya mgeni, na ndiyo iliyokuwa dhambi yake. Hasira iliyokuja baadaye haikuzuliwa na mtu. Ilikuwa na mizizi.

Basi siku hiyo Rais Mobutu akasimama mbele ya Baraza la Taifa la Kutunga Sheria akatangaza kwamba mashamba, biashara na viwanda vidogo vya wageni vitapewa Wazaire. Nyuma yake kulikuwa na mfano wa jirani: mwaka uliotangulia, Agosti 1972, Idi Amin alikuwa amewapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na maduka yao yakaenda kwa watu ambao Waganda waliwaita mafuta mingi.

Na nani walipewa? Hapo ndipo moyo wangu unaumia kila ninaposoma habari zile. Kulikuwa na watu waliokuwa wamekaa kwenye maduka yale miaka mingi. Kulikuwa na karani aliyejua kwamba sukari ikichelewa Kiliba, lazima uagize mapema kabla mvua haijaharibu barabara ya Kamanyola. Kulikuwa na mtunza ghala aliyejua chumvi ipi inashika unyevu wa ziwa. Kulikuwa na mama zetu waliochukua bidhaa kwa jumla kwenye maduka hayo na kuziuza rejareja Kadutu na Bagira, na ambao hawakuwahi kukosa kulipa. Kama agizo lingewapa hawa, labda leo ningekuwa natoa mhadhara mwingine. Lakini mali kubwa zilikwenda kwa wakubwa wa chama cha MPR, makomisa, maofisa wa jeshi, na jamaa zao.

Tazama lililotokea ndani ya duka la vyakula. Aliyepewa aliingia akakuta rafu zimejaa. Kwake yeye duka lilikuwa zile rafu. Akauza. Fedha ikaja nyingi, kwa haraka, na hakujua kwamba sehemu kubwa ya fedha ile ilikuwa ya muuzaji wa jumla aliyetoa mzigo kwa mkopo. Faida ya duka la vyakula ni nyembamba mno: katika kila franga 100 zinazoingia, nyingi zina mwenyewe tayari. Akanunua gari, akaoa, akajenga. Rafu zikaanza kuonyesha mbao. Alipoandika kwa msambazaji wa Bujumbura, Mombasa au Antwerp kuomba mzigo mwingine, akaambiwa alete kwanza pesa taslimu, kwa sababu imani aliyopewa mwenye duka wa zamani haikuwa imeandikwa katika hati ya serikali na haikuweza kutolewa kwa amri. Na mwaka 1974 bei ya shaba ikaanguka, fedha za kigeni zikakauka, hata mwenye nia njema akakosa pa kushika.

Tarehe 30 Desemba 1974 serikali ilitangaza hatua mpya, ikazichukua mikononi mwake biashara nyingi. Haikusaidia. Mwishoni mwa 1975 na mwaka 1976 ikaanza kuwarudishia wenye mali wa zamani sehemu ya biashara zao. Baadhi walirudi. Wengi walikuwa wameshaanza maisha mengine kwingine, na mtu aliyekwisha kunyang'anywa mara moja hatii akiba yake yote tena mahali pale.

Wapo wanaosema agizo lile la 1973, zairianisation, lilithibitisha kwamba Mkongo hawezi biashara. Hilo nalipinga kwa nguvu zangu zote, na ushahidi uko kaskazini yetu tu. Mtafiti Janet MacGaffey, katika kitabu chake cha 1987, alieleza wafanyabiashara wa Kisangani waliojenga mali yao bila kutegemea cheo cha serikali, na miongoni mwao walikuwa Wanande wa Butembo na Lubero. Walianza na maharagwe na mboga za milimani, wakapakia malori kwenye barabara mbovu, wakanunua maduka, wakajenga nyumba, wakawapeleka watoto kushika matawi. Mali ya familia hizo ilitokana na jasho lao. Walijifunza kabla ya kumiliki. Aliyepewa mwaka 1973 alimiliki kabla ya kujifunza. Tofauti ni hiyo, na haina uhusiano na rangi ya mtu wala kabila.

Na wala kuwa mwenyeji hakumkingi mtu. Kenya walikuwako ndugu wawili wa eneo la Nakuru, kila mmoja na duka lake. Joram Kamau alijenga Tuskys, Peter Mukuha akajenga Naivas. Kamau alifariki 2002, watoto wake wakaja kufikishana mahakamani, na duka ambalo wakati fulani lilikuwa miongoni mwa makubwa kabisa Kenya likafunga milango karibu yote katika miaka ya 2020 na 2021. Mukuha alifariki 2010. Huko nako kesi ilikuwepo, lakini uendeshaji ulibaki mahali pamoja, na mwaka 2022 kampuni ya IBL ya Mauritius na wenzake walinunua asilimia 40 ya hisa. Baba hao walikuwa ndugu, bidhaa ni zilezile, wateja ni walewale.

Sasa tuje kwetu leo. Nimekaa mara nyingi dukani kwa mama mmoja wa Kadutu, mjane, ambaye sitamtaja. Duka lake halizidi upana wa chumba cha kulala. Maharagwe na mchele anauza kwa gigozi, kopo la kupimia, sukari anaifunga kwenye vijifuko vidogo kwa mteja wa franga 500, mafuta anapima kwa chupa. Nyuma ya mlango ametundika daftari la shule la kurasa 100, na ndani yake madeni yameandikwa kwa majina yanayojulikana mtaa mzima: Mama Mapacha, Papa Dereva, Mwalimu wa Juu. Aliyelipa anakatwa kwa kalamu nyekundu. Binti yake wa miaka 15 hukaa kwenye kaunta kila akitoka shuleni, na nilimwona akimkatalia mtu mzima mkopo, kwa heshima kabisa, akimwambia: «Papa, samahani, ile ya mwezi uliopita bado.» Mzee akacheka, akatoa pesa. Kwa maoni yangu binti yule ana elimu ya duka kuliko wengi waliopewa maduka ya barabara kubwa mwaka 1973.

Waasi wa M23 walipoingia mjini katikati ya Februari 2025, maghala yalivunjwa na kuporwa, benki zikafunga, na noti zikawa adimu. Mji huu ulikuwa umeshayaona mengine: mamluki wa Schramme mwaka 1967, vita vya 1996 na 1998, mapigano ya 2004. Kila mara duka dogo linasimama tena kwa njia ileile: mwenye mzigo anamwamini mwenye duka, anampa katoni chache, anamwambia atamlipa akiuza. Jina jema ndilo mtaji pekee ambao mwizi hawezi kubeba. Lakini jina hilo ni la mama. Akianguka kesho, nani mwingine anajulikana kwa yule wa jumla?

Hapa sheria inaingia, na naomba mnivumilie kidogo. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi, na kundi la mke au mume, wazazi na ndugu linagawana robo inayobaki. Ni sheria ya kulinda watoto, na ni njema. Lakini duka lisilo na karatasi yoyote ni mali ya mtu kama kitanda chake, na siku ya msiba linagawanywa kama kitanda. Shangazi anaondoka na friji, kaka anaondoka na mizani, mjane anabaki na madeni. Tangu mwaka 2012 nchi yetu imo katika OHADA, jumuiya ya sheria za biashara, na chini ya sheria zake hata mtu mmoja anaweza kuandikisha kampuni yenye hisa. Hapo kinachorithiwa ni hisa, na duka linaendelea kuuza. Na mama zetu wajue jambo moja zaidi: hadi mwaka 2016 mke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mume kwa shughuli za kisheria. Sheria ya Julai 2016 iliondoa sharti hilo. Bado naona ofisini wanawake wakirudishwa nyumbani wakalete sahihi ya bwana. Msirudi. Mwambieni karani asome sheria.

Najua wapo wazazi watakaosema: mtoto wangu anasoma chuo, sitaki ashike gigozi. Nawaelewa. Lakini hamlazimiki kuchagua. Mpelekeni chuo, na Jumamosi akae dukani. Mtambulisheni kwa mtu wa depo mkiwa bado hai na wenye nguvu. Mwacheni aagize mzigo mmoja mwenyewe, hata akikosea, mkiwapo mkamsahihisha. Na kama mtoto hataki kabisa, wala msimlazimishe. Huenda kuna mfanyakazi aliyekaa nanyi miaka 10 na anajua kila kona. Mpeni hisa. Wageni wa zamani hawakufanya hivyo, na tumeona gharama yake kwao na kwetu.

Kwa nyinyi wanafunzi nina ombi la kazi, na ningependa lianze mwezi huu. Aliyekuwa karani mwenye umri wa miaka 20 katika duka la mgeni mwaka 1973, leo ana zaidi ya miaka 70. Wapo, Nguba, Kadutu, Panzi, na wengine wamevuka mpaka wanaishi Kamembe. Wanajua mizigo ilifikaje, nani aliaminiwa, hesabu zilifungwaje jioni, na nini kilisemwa asubuhi ile funguo zilipochukuliwa. Hakuna kitabu nilichokiona kinachosimulia hayo kwa Bukavu, kwa lugha yao, duka kwa duka. Nendeni wawili wawili na daftari. Anzeni kwa kuuliza duka lilikuwa nambari ngapi, mtaa gani, liliuza nini, na nani aliwaletea. Majina ya wasambazaji ndiyo yatakayokuwa magumu kukumbuka, kwa hiyo yaulizeni mwanzoni, kabla mzee hajachoka.